Sindano ya Mchana ya Shamsa

Pilau ya harusi ikisifiwa Mlalo, mara nyingi mpishi huwa ni Shamsa. Kisukari kilimpata angali msichana, naye akakificha kwa ustadi: sindano asubuhi kabla ya kutoka, nyingine jioni akisharudi. Mchana alikula kwa woga, na kliniki akiulizwa hali yake alijibu, "Nzuri tu."

Vipimo vikamuumbua. Daktari akampangia utaratibu mpya: apime sukari kila mara, achome insulini kabla ya kila mlo na tena wakati wa kulala.

"Na nikiwa jikoni kwa watu?"

"Unachoma huko huko. Ukitaka wali, kula, ila dozi iendane na sahani yako."

La wali lilimfurahisha. La jikoni akalimeza kama shubiri.

Basi kwenye harusi ya kijana wa Bi Mariamu, mchana ulipofika, Shamsa akachukua kimfuko chake akajipenyeza migombani. Bi Mariamu akamfuata nyuma.

"Shamsa mwanangu, nakuheshimu. Lakini watu wanasema nyama yangu inaishia huku."

Shamsa, gauni kalipandisha na sindano mkononi, alicheka nusura aiangushe. "Nyama iko sufuriani, mama. Hii ni insulini."

Bi Mariamu akatazama mpaka dawa ikaisha. "Inauma?"

"Kidogo. Kujificha ndiko kunakonichosha."

"Basi rudi jikoni. Huku siafu watakumaliza."

Toka siku hiyo alichoma akiwa amekaa kwenye kigoda, mbele ya wenzake. Waliuliza maswali wiki ya kwanza, kisha wakachoka. Ikawa heri, maana siku moja alishachoma ndipo akaitwa kupokea wageni, chakula kikachelewa, sukari ikamshuka. Jasho likamtoka, mikono ikatetemeka. Rahabu, mkata vitunguu wake, hakuuliza kitu. Alikoroga maji ya sukari akamnywesha, kisha akamsimamia mpaka akala.

Sasa Shamsa anakula pilau yake akiwa amekaa, tena amejua kwamba hata kuonja onja kunahesabika. Sukari hupanda siku nyingine. Juzi kliniki, daktari hajauliza, alianza mwenyewe: "Jana ilipanda sana. Nilikula maandazi ya watu bila kuchoma. Nifanyeje siku nyingine?"

Daktari akavuta kiti karibu, wakaanza kupanga dozi ya maandazi.