Nani Atafungua Mlango

Mwenyekiti wetu alikuwa apasuliwe uvimbe wa tumbo asubuhi iliyofuata, katika hospitali moja ya Thika, na bado alikuwa akiandika. Mimi nilikuwa jikoni kwangu Ruiru, laptopu juu ya meza, githeri ya mahindi na maharagwe ikitokota nyuma yangu, na nilikuwa nimekasirika. Nani huandika ombi la ufadhili akiwa kwenye kitanda cha wadi? Lakini huyo mama huwezi kumwambia kitu. "Wewe shughulika na sehemu yako," aliniambia kwa simu. "Mimi niko sawa tu."

Kituo chetu kiko Murera: chumba kimoja cha mabati na ua wa michongoma, ambako akina mama wanaoenda vibarua huwaacha watoto wao wenye ulemavu. Wafadhili wa zamani walikuwa wamejitoa. Ombi jipya lilitakiwa kufika kabla ya jioni hiyo.

Tuliliandika pamoja kwenye programu huria, moja ya zile ambazo mtu yeyote anaruhusiwa kuzichukua bure na kuziweka kwenye mashine yake. Niliiweka mwenyewe kwenye kompyuta kuukuu iliyokaa juu ya friji, kwani ile ya kulipia tungeilipia kwa pesa gani? Watu kadhaa huandika ukurasa mmoja kwa wakati mmoja, kila mtu na rangi yake. Mimi nilikuwa bluu. Mhasibu wetu, aliyekuwa kwake Kalimoni, njano. Mwenyekiti alichagua kijani, nasi tukamwita Sukuma Wiki, kama ile mboga ya majani.

Mchana mhasibu akapiga simu, sauti imemkauka. Alikuwa akibandika bajeti, akafuta sehemu yote ya chakula cha watoto. Nikamwambia atulie. Hiyo programu hutunza kila herufi, hata zilizofutwa. Kuna kidude fulani ukikivuta nyuma unaona ukurasa ukiandikwa upya tangu mwanzo. Nikakivuta. Sehemu ya chakula nikaipata, lakini nilikuwa nimevuta nyuma mno, na mbele ya macho yangu kijani kikaanza kujiandika, chini ya lile swali ambalo wafadhili wote huuliza: mradi utaendeleaje ninyi mkiondoka?

"Sijui," kiliandika. "Naogopa. Nisipoamka kesho, nani atafungua mlango?"

Kisha herufi zikafutwa moja moja, na mahali pake pakaja ile lugha yetu ya maombi, ambayo hata mimi ningeiandika usingizini: "Jamii itaumiliki mradi kikamilifu."

Huyu mama alizika mume wake bila kulegea mbele za watu. Neno "naogopa" sikuwahi kulisikia kinywani mwake. Mficha maradhi kifo humuumbua, walisema wahenga, na methali hiyo iliponijia niliichukia, nikaenda kuzima moto wa githeri kana kwamba ndio wenye makosa. Nilimwogopea. Niliogopa pia, wacha niseme tu, kwa ajili yangu, kwa sababu hiyo jamii ya kuumiliki mradi ilikuwa nani kama si mimi? Kumwinua mtoto mkubwa asiyeweza kukaa, kumlisha asiyeweza kutafuna asipaliwe: mimi ni mtu wa kompyuta. Watoto wale walinitisha, na yeye alijua.

Kumpigia simu kungemwaibisha. Nikarudi kwenye ukurasa wa sasa, nikashuka chini ya ile sentensi yake nzuri, nikaandika kwa bluu: "Nitafungua mimi."

Nilikaa nikitazama, nikidhani labda wamemdunga sindano ya usingizi, au amekasirika kwamba nimemchungulia. Halafu kijani kikaja, polepole, kama mtu anayeandika kwa kidole kimoja.

"Ufunguo uko kwa yule mama anayeuza mboga jirani na kituo. Huo mlango uinue kwanza, ndio uusukume."

Nilifuta mistari hiyo, tukatuma ombi.

Asubuhi niliuinua mlango, nikausukuma. Akina mama waliniangalia, wakaangaliana, wakaniachia watoto kwa sababu vibarua havingoji. Uji ukammwagikia mtoto wa kwanza shingoni. Simu ilikuwa mfukoni mwa aproni. Kila nilipoinama iligusa paja langu, na kila ilipogusa nilidhani imelia.

Ililia wakati wa kuwalaza. Niliitazama tu, siwezi kuishika. Mtoto niliyekuwa nimembeba akashtuka na mlio, akaanza kulia, ndipo nikabonyeza.

Alikuwa binti wa mwenyekiti, kutoka hospitalini, naye alikuwa akilia, kwa hivyo mwanzoni sikuelewa hata neno. Nikaketi sakafuni na mtoto wangu.

"Auntie," alisema, "mum ameamka. Hata maji hajaomba. Anauliza kama mlango ulifunguka."