Mtani Wangu Nyapara

Nilikuwa mpishi wa kambi huko Nachingwea, enzi zile matingatinga yalipokuwa yanang'oa msitu ili zipandwe karanga. Nyapara wetu alikuwa Mngoni, mimi Mmwera. Babu zake waliwatesa babu zangu kwa vita, nasi tukarithi utani: yeye ana ruhusa ya kunitukana mbele ya watu, nami nina ruhusa ya kumrudishia, na anayekasirika ndiye mwenye aibu.

Kila mchana alisimama mbele ya sufuria yangu. "Kuleni taratibu," aliwaambia vibarua, "huyu Mmwera ametia dawa."

"Yako nimeizidisha," nilimjibu. Watu walicheka, nami nikacheka kuliko wote, mjinga mimi.

Kumbe alikuwa na shemeji yake anayeitaka kazi ya jikoni. Siku vibarua kadhaa walipoharisha, aliniita mbele ya bwana wa kambi, Mzungu, na mkalimani wake. Akasema maneno yaleyale, kwamba natia dawa kwenye chakula. Uso wake ulikuwa mkavu. Lakini mtani hodari hachekei utani wake mwenyewe, nikadhani leo ameunogesha tu. Nikajibu kama siku zote: "Naam, natia, na yake nimeizidisha."

Hakuna aliyecheka. Mkalimani alitafsiri neno kwa neno. Mzungu akaamuru nitoke jikoni, niende kung'oa visiki.

Jioni nilimfuata nyapara. "Mtani, waambie basi ulikuwa unatania."

"Mimi nilitania," alisema, huku akitafuna mswaki wake wa mti. "Wewe ndiye uliyekubali."

Nilikasirika. Ningemshtaki kwa nani? Wangesema nimeshindwa utani. Na wenzangu, ambao zamani tulizunguka sinia moja, sasa nikinyoosha mkono kwenye ugali walikumbuka kwamba wameshiba. Nikawa nachota wangu kwenye kopo na kwenda kula nyuma ya matrekta mabovu. Nimewahi kulala porini peke yangu, na sikuwahi kuwa mpweke namna ile.

Mwisho niliacha kazi, nikarudi kwetu Ruangwa. Uvumi ulikuwa umenitangulia, maana wengi wa kambini walitoka huko. Jioni ya kwanza nilipika mwenyewe, ugali wa muhogo na kisamvu, nikaalika majirani. Walikaa barazani, wakaulizia safari, wakasema wameshakula, kisha wakaaga mmoja mmoja.

Mama akanawa mikono, akavuta sahani, akala mpaka akamaliza. Hakuniuliza kama yale maneno yalikuwa kweli. Najua aliona ananisitiri. Lakini mimi nilikuwa nimetembea njia nzima kutoka Nachingwea na jibu langu mdomoni, na hakutokea mtu hata mmoja wa kuniuliza.