Arobaini Isiyoonekana

Kwa miaka ishirini na sita Msasa alikuwa akisaga mawe. Si kokoto za ujenzi. Alifanya kazi katika maabara ya madini, chumba cha nyuma chenye sinki pana na mashine ya kuzunguka. Alichukua kipande cha mwamba, akakigandisha kwenye kioo, kisha akakisugua mpaka kiwe chembamba kuliko unywele, mwanga upite. Msasa ni jina alilopewa na wenzake. Kazi yake haikuwahi kurudishwa.

Mpaka lilipoletwa jiwe la kijivu kutoka mlima wa volkano uliokwisha kuzimika. Lilikuwa na vitundu kama mkate, na ndani ya vitundu vigamba vya manjano hafifu, vidogo kuliko punje ya ulezi, vyenye pembe sita na mng'ao wa lulu.

"Ulanga huu," alijisemea, yaani yale madini ya vigamba vinavyong'aa aliyoyazoea, akasaga kama kawaida. Alipoinua kioo, palipokuwa na vigamba pamebaki matobo. Akarudia, matobo tena. Akakwaruza kigamba kimoja kwa ukucha, kikachubuka. Sawa, ulanga nao ni laini. Lakini alipokitia kwenye kimiminika kizito cha kupimia, ambamo ulanga wa rangi ile huelea, kikazama mpaka chini. Msasa akaenda kuuliza.

Mkuu wake waliyemwita Daktari, mama mmoja ambaye jirani akimwomba dawa ya kichwa aliambulia mhadhara wa mawe, alimwagiza asawazishe uso wa kigamba kimoja kwa mkono, polepole, kisha akakipeleka kwenye mashine ya kuhesabu elementi. Jioni alirudi na karatasi, uso umekunjamana.

"Fundi, kuna seriamu, kuna lanthani, zile elementi adimu tunazozitafuta siku zote. Kuna alumini. Ukijumlisha na oksijeni yake unapata asilimia sitini. Inatakiwa ifike mia."

"Na hiyo arobaini?"

"Ndiyo nakuuliza wewe. Ulikisugua sawasawa? Pengine kina shimo kwa chini."

"Nimekisugua kama ninavyosugua siku zote, Daktari."

"Mashine haijui kudanganya, Fundi."

Mtunza stoo aliyekuwa akipita akacheka: "Za mwizi arobaini!" Ulikuwa utani tu, lakini Msasa ulimwingia kama mwiba. Wiki iliyofuata alisugua cha pili. Sitini na moja. Wiki ya tatu, cha tatu: sitini kasoro. Alianza kuitazama mikono yake kama ya mtu mwingine.

Nyumbani mkewe alionja chai, akaitema.

"Baba Watoto, umetia chumvi. Unaumwa?"

"Siumwi. Nimepoteza arobaini."

"Arobaini ya nini?"

"Ndiyo sijui."

Mkewe akamwambia atoke apunge hewa kidogo, akamchukulie hereni yake kwa kaka yake aliyekuwa sonara.

Hereni haikuwa tayari. Shemeji alimpa kigoda, akapaka unga mweupe kwenye kiungo, akawasha moto. Mwali wa samawati ulilamba dhahabu, na pembeni yake ukageuka kijani.

"Shemeji, hicho kijani kinatoka wapi?"

"Boraksi hii. Bila yake lehemu haishiki. Ina boroni ndani yake. Ukiitazama utadhani ni chumvi, mpaka uichome."

Msasa hakuelewa kwa nini jambo hilo lilimkaa kichwani. Jumatatu alimsimulia Daktari kama hadithi tu, akitarajia kufukuzwa mlangoni. Mama yule akajipiga paji la uso.

"Boroni! Nyepesi mno, mashine yetu haiioni kabisa!"

Walitwanga vigamba viwili, wakadondoshea tindikali, wakamwagia spiriti, wakawasha. Mwali ulitoka kijani kibichi.

"Si mkono wako, Fundi. Nisamehe."

"Lakini Daktari, mbona sielewi. Hivi vitu vimekutana vipi ndani ya volkano?"

"Mwamba ukipoa, kila elementi hutafuta nafasi katika madini yanayojengeka. Hizi adimu ni nene mno, hazienei. Boroni ni ndogo mno, inapwaya. Zote hukataliwa mpaka mwisho, zikabaki na mvuke wa moto kwenye vitundu. Humo ndimo zinapoungana. Ni nadra. Vigamba vimebaki vingapi?"

Msasa alihesabu. Vitatu. Vingine alikuwa amevisaga, vikaenda na maji.

Walivua makoti, wakafungua bomba la maji machafu chini ya sinki na kuchota tope lote kwenye beseni. Siku mbili walichekecha na kupekua kwa hadubini, magoti yamelowa, na kila kilichong'aa kilizua ubishi. Walipata kumi na moja. Baadaye vinne vikagunduliwa kuwa ulanga wa jiwe la mwezi uliopita, na kimoja ganda la rangi ya mlango.

Sita vilivyobaki, pamoja na vile vitatu, vilipelekwa kwenye maabara kubwa. Jibu likaja: ni borati, madini ya boroni, yenye elementi adimu, inayojulikana kutoka sehemu chache sana duniani. Daktari alibandika jibu ukutani, na jina la Msasa limeandikwa kwa mkono pembeni.

Msasa hulisoma kila asubuhi kabla ya kufungua maji. Yale ya elementi kukataliwa na kukutana ameshayakubali. Kinachomshinda ni arobaini: ilikuwa pale pale chini ya kidole chake, naye kwa wiki tatu aliamini kosa ni lake.