Masharubu Yangu na Posa ya Rukia

Naandika haya nikiwa peke yangu kibandani na bado nimeufunika mdomo wa juu kwa mkono, kama vile kuna mtu ananitazama. Aibu yenyewe imeshakuwa ya watu wote, kwa dada yangu Nanyamba wanaisimulia vizuri kuliko mimi, basi na mimi niiandike humu kwenye daftari langu, angalau pawepo mahali pamoja palipoandikwa na mwenye kosa. (Niliishia darasa la saba, kwa hiyo pale sentensi inapopinda mnivumilie, nguo ndiyo ninayoijua kunyoosha, na hata hiyo mtaona.)

Mimi ni fundi cherehani hapa Chuno, na ukuta wa kibanda changu ndio ukuta wa saluni ya Deo, kinyozi aliyetokea Mbeya miaka mingi iliyopita akaoa hukuhuku. Marehemu baba aliniachia wembe wa kukunja, ule wa chuma kizima wenye mpini wa pembe, unaonolewa kwenye mkanda wa ngozi. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nakaa chini namwangalia akijinyoa nao, anavuta shavu kwa kidole, anapitisha, povu linaondoka kama theluji ya kwenye kalenda, nikajiambia siku moja na mimi. Hiyo siku moja ikachelewa mpaka nikatimiza miaka arobaini na sita.

Nilipompelekea Deo aninolee, aliugeuza mara mbili akanirudishia.

“Huu bado, Fundi. Huu usipojua kuunoa utakudanganya, utadhani mkono ndio mbaya kumbe makali ndiyo mabaya. Anza na huu wangu.”

Wa kwake nao ni wa kukunja, umbo lilelile, ila hauna makali yake mwenyewe. Unachukua wembe wa kawaida wa dukani, unauvunja katikati ukiwa bado ndani ya karatasi yake, nusu moja unaipachika kwenye mpini, ikichoka unaitupa unaweka nyingine.

“Makali ya huu ni yaleyale kila siku,” Deo akasema. “Kwa hiyo ukijikata, ni wewe.”

Akanifundisha kuivuta ngozi ikaze, kuulaza wembe karibu na shavu, kupitisha kidogo kidogo, na kutoupeleka pembeni hata siku moja, maana ukienda pembeni haunyoi, unakata. Kisha akanipa sharti: wiki mbili mashavu tu, kidevu baadaye, juu ya mdomo nisiguse mpaka aseme yeye. Nisimwonee Deo hapa. Alisema wazi, alisema mara tatu, na mara ya tatu alinishika bega.

Kabla ya mashavu kulikuwa na maputo. Unalipuliza puto, unalipaka povu, unalinyoa bila kulipasua. La kwanza lilipasuka mwalimu mmoja akiwa amesimama pale kibandani anajaribu gauni lake jipya, povu likamrukia mpaka kwenye miwani, akaniuliza, “Fundi, hii nayo ni sehemu ya mshono?” Nilipasua sita. La saba nikalinyoa lote, kuanzia juu hadi kwenye fundo, likabaki linang'aa, na nakiri kwamba nililishika mkononi nikazunguka nalo mtaa mzima kuwaonyesha watu, mtu mzima mwenye watoto wanne. Dereva wa bajaji akapunguza mwendo akasema, “Mzee, hilo puto lilikuwa na ndevu?” Nikamwambia sasa halina.

Kwa siku tisa nilinyoa mashavu, na siku tisa hizo sikujikata ila mara mbili. (Kurasa za nyuma za daftari hili zinasema tatu. Basi tatu.)

Sasa posa. Dada yangu Somoe yuko Nanyamba, na binti yake Rukia alikuwa anaposwa na kijana anaitwa Twaha. Kwetu mjomba ndiye mwenye neno, baba anaweza kuwepo na mama anaweza kuwepo, lakini wageni wanasubiri mjomba aseme tumekubali, na asiposema wanarudi na sinia lao la posa. Posa hiyo ilikuwa imeshaahirishwa mara moja kwa sababu bibi yetu alifariki wiki ileile, na safari hii muda ulikuwa umebana, Twaha alikuwa amepata kazi Kigoma, anatakiwa kuondoka baada ya siku kumi. Ikikubaliwa Jumamosi, ndoa Ijumaa inayofuata na wanaondoka wote wawili. Isipokubaliwa, aondoke peke yake na likizo yake haijulikani ni lini.

Rukia alinipigia simu mwenyewe.

“Mjomba, safari hii lisitokee jambo.”

“Litokee jambo gani tena?”

“Sijui. Wewe uje tu, useme, ukae.”

Ijumaa alasiri Deo aliniita dirishani. “Njoo nikunyoe sasa hivi, kesho mimi niko kanisani.” (Deo ni Msabato, Jumamosi hafungui hata aje nani.) Mimi nikaona nikinyolewa leo, kesho uso utakuwa umeshachakaa, na isitoshe mkono wangu umeshakuwa mkono. Nikamwambia nitajinyoa mwenyewe asubuhi.

“Mashavu,” akasema.

“Mashavu,” nikasema.

Hapo ndipo penye kosa lote, na ni hapo tu, yaliyofuata yalikuwa yanajifuata yenyewe.

Asubuhi nikanyoa mashavu, yakatoka safi kama lile puto la saba. Laiti ningefunga wembe. Lakini nikajitazama kwenye kioo nikaona masharubu, ambayo nimekuwa nayo tangu nioe, upande wa kushoto yameshuka kidogo kuliko kulia, na mimi siwezi kuona pindo lililoshuka nikaliacha. Nikagusa kushoto. Kushoto kukapanda. Nikagusa kulia ili kufuate kushoto, kulia kukapanda zaidi, nikarudi kushoto. Kila fundi cherehani anaijua hali hii, unapunguza mguu huu wa suruali, unapunguza na ule, mteja anakuja kuchukua kaptula. Naijua, nimewahi kumkanya mwanafunzi wangu kwa hasira kuhusu jambo hilohilo, na bado nilikuwa pale napunguza. Mwisho kilibaki kitu cheusi chini ya pua, kidogo kama kifungo cha shati.

Mke wangu Zuhura akaingia na chai.

“Baba Salumu, unafanya nini?”

“Nasawazisha.”

“Unasawazisha na nini? Hakuna mwenzake.”

Nikakiondoa kifungo. Chini yake kulikuwa na ngozi ambayo haijaona jua tangu harusi yetu, nyeupe kuliko uso wote, ikionekana kama nimebandika plasta. Nikashtuka, mkono ukaenda pembeni (pembeni, Deo, najua), damu ikatoka, nikapaka jiwe la shabu kuizuia, machozi yakanitoka, na nikiwa na machozi hayo nikaona kwamba ndevu za kidevuni sasa zinaning'inia bila sababu. Nikazinyoa. Kisha ndevu za kando ya sikio la kulia zikawa fupi kuliko za kushoto, nikazifuata kwenda juu, na nawaambieni kweli sijui mpaka ni wapi kati ya ndevu na nywele, mimi niliuvuka bila kujua. Nilipotulia, nilikuwa na njia imepita juu ya sikio mpaka karibu na utosi.

Zuhura akaweka kikombe chini. Nadhani alisema, “Toa zote tu, Mungu atatoa nyingine.” (Anasema hakusema hivyo, kwa hiyo niandike kwamba huenda hakusema.) Lakini nyuma ya kichwa sikuoni, akauchukua wembe mkononi mwangu, akaninyoa nyuma yeye, mara yake ya kwanza kushika kitu kile, na haki yake nimpe: nyuma ndipo mahali pekee kichwani mwangu ambapo hapakuwa na jeraha hata moja.

Tukapanda gari la Nanyamba. Kofia yangu nilikuwa nimeishona mwenyewe kwa kipimo cha kichwa chenye nywele, sasa ilikuwa inateremka mpaka kwenye nyusi kila gari likikanyaga shimo. Wembe niliuweka kwenye mfuko wa kanzu, nikisema nikifika nitamalizia kipande nyuma ya sikio. Ndiyo, nilikuwa bado nataka kumalizia.

Sasa kitu nilichokisahau, na sijui nilikisahauje, ni kwamba wazee wa upande wetu mtu akifiwa na mtu wa karibu hunyoa. Kichwa, ndevu, masharubu, vyote kwa siku moja. Alipofariki bibi, kaka yetu wa Masasi ndiye aliyenyoa hivyo kwa niaba yetu sote, na watu wote wa Nanyamba walimwona.

Mwanamke wa kwanza aliyetuona njiani, jirani wa dada, alikuwa amebeba sahani za kuazima. Alinitazama, akageuka na sahani zake akaenda mbio kwa njia ya nyuma. Nikamwambia Zuhura, “Watu wa hapa wana haraka leo.” Tulipofika uani tukakuta mikeka inatolewa nje, sufuria la pilau limeshushwa likiwa halijaiva, na dada Somoe amekaa chini amejifunika khanga mpaka usoni. Hakuna aliyeniambia kitu. Nani amuulize mtu habari ya kifo akiwa hata hajaketi? Mimi nikajua wameuona uso wangu ulivyokatwakatwa wakaamua kuniheshimu, nikawashukuru moyoni.

Wageni wakaingia, wanaume kumi na wawili, mbele yao mshenga wao Mzee Mfaume, mtu mrefu mwenye sauti ya taratibu. Aliniona, akasimama. Akawanong'oneza wenzake. Sinia la posa, ambalo lilikuwa limefunikwa kitambaa cha kung'aa, likapitishwa nyuma ya migongo kama kitu cha wizi. Wakaketi, Mzee Mfaume akainua mikono akasoma Fatiha, na mimi nikidhani ndiyo ufunguzi wa posa nikaitikia amina kwa sauti kuliko wote.

Kisha akasema, “Mjomba, sisi tulikuwa na jambo letu dogo. Jambo hilo lina miguu, litarudi lenyewe. Tutakaa na nyinyi leo, na arobaini ikipita tutazungumza.”

“Arobaini ya nani?” nikauliza.

Wote wakaangalia miguu yao. Ndani ya nyumba nikasikia mtu anaanza kulia, na nikamjua. Ni Rukia.

Dada akafunua khanga. “Kaka, usitufiche tena. Ni nani? Ni kaka wa Masasi?”

“Kaka wa Masasi ana nini?”

“Si amekufa.”

“Nimeongea naye asubuhi, anapalilia.”

“Basi mbona umenyoa?”

Hapo ndipo nilipoiona picha nzima, mikeka, sufuria, wanaume kumi na wawili wanaoangalia miguu yao. Ningeweza kusema uongo. Niliupata mmoja mzuri kabisa, kwamba nina ukurutu kichwani, daktari ameniamuru. Lakini ndani kule mtoto alikuwa analia kwa kosa la mkono wangu, nikaona nikiongeza uongo nitakuwa napunguza tena mguu wa pili wa suruali. Nikasimama, kofia ikateremka mpaka kwenye macho, na nikiwa bado gizani ndani ya kofia nikasema yote: wembe wa baba, maputo, sharti la Deo, kifungo cha shati, Zuhura na kisogo.

Nilipoipandisha kofia, wote walikuwa wananikodolea macho. Mzee Mfaume akauliza taratibu, “Huo wembe uko wapi?”

Nikautoa mfukoni. Ukapita mkono kwa mkono kwenye mkeka mzima, kila mtu anaufungua, anaufunga, ananitazama. Ulipomrudia, Mzee Mfaume alijaribu kukohoa, kikohozi kikamshinda, akaanguka ubavuni juu ya jirani yake akicheka mpaka akakosa sauti. Na kwa kuwa wao ni watani zetu, na walikuwa wamejizuia tangu walipoingia, mlango ulikuwa umeshafunguka.

“Kanzu ya bwana harusi asiishone huyu, itatoka fulana.”

“Mjomba, pua yako umeiacha kwa bahati au ulisahau?”

“Mwulizeni kwanza kama bibi harusi bado ana nyusi.”

Rukia akatokea mlangoni na macho yamevimba, akanitazama kichwa kizima, mbele na nyuma, akasema, “Nyuma kuzuri, Mjomba,” akarudi ndani. Nikasikia ndani wanawake wanapiga vigelegele kabla hata sijasema neno langu.

Nikalisema. Nikasema tumekubali, na nikalirudia, nikiogopa lile la kwanza lisihesabiwe. Mzee Mfaume akasema na wao wana sharti moja tu: wembe wanaondoka nao. Wakauweka kwenye sinia lao, wakaufunika kwa kile kitambaa cha kung'aa, na ukatoka pale kwa heshima kuliko mimi nilivyoingia.

Ijumaa ndoa ilifungwa. Deo ndiye aliyemnyoa bwana harusi, nami nilikaa mbali na kiti. (Kanzu niliishona mimi, na ilifika chini, naomba hilo nalo likumbukwe.) Wakati wa zawadi likaletwa sinia limefunikwa, wakaniita mbele ya watu wote nilifunue. Ndani kulikuwa na wembe, umefungwa, na juu yake puto jekundu limepulizwa na kuchorwa masharubu kwa wino.

Wembe wa baba bado uko kwenye kasha lake. Nitaufikia, nadhani, ila sasa nimerudi mwanzo kabisa, mashavu tu, na siku yenye shughuli ya watu sitashika wembe tena hata nikiwa na manyoya kama mbuzi. Puto nimelitundika kibandani juu ya cherehani. Limeshasinyaa, lakini masharubu yake bado yapo yote mawili, kushoto na kulia, na kila nikiyatazama naona yako sawa, nayaacha.