Nilipeleka ng'ombe Kitale kubadilisha na kompyuta ya gaming, mjomba akaipima kama maksai wa Chwele

Wakuu, niaje. Vuteni viti. Haya yalinipata mwenyewe, na chumvi nitakayotia ni ya kuonja tu.

Mimi nilimaliza sekondari kwa masomo ya jioni, nikiwa na ndevu kuliko mwalimu. Nikajifunza kompyuta, nikaanza ku-edit video za harusi hapa Chwele kwa laptop ya kuazima. Ilikuwa slow hadi bibi harusi mmoja alijifungua video yake bado ina-save.

Basi nikapata jamaa wa Kitale, Brayo, anatoa kompyuta ya gaming. Hakutaka pesa. Alitaka ng'ombe wa maziwa.

Na mimi ninaye mmoja tu. Mama watoto alikubali kwa sharti:

"Ukirudi na debe tupu, wewe ndiye utalikamua asubuhi watoto wanywe chai."

Ndiyo maana nilienda na Mjomba Wekesa, mchuuzi wa ng'ombe. Huyu mzee akitazama fahali sokoni anakwambia nyanya yake alikufa na nini. Kompyuta hajawahi kugusa.

Kwa wasiojua: mashine kama hii hupimwa kwa game nzito. Pale kona ya screen kuna FPS, yaani picha ngapi zinapita kwa sekunde. Sitini ni asali. Ishirini ni mtu anatembea kwa matope.

Tukafika kwa Brayo, ng'ombe akiwa kwa pickup. Akawasha game ya vita.

144! Karibu nilie.

Mjomba akakohoa. "Kijana, mbona huyo askari anaangalia ukuta tu?"

"Anapumzika, mzee."

"Chwele hatununui maksai akiwa amelala. Mwambie alime."

Wakuu, ukweli ni kwamba ukielekeza game kwa ukuta, mashine haina kazi ya kuchora, namba inapaa. Mimi msomi sikuona.

Brayo akamtoa askari pale ukutani. Mvua, moshi, mabomu. Mjomba akaweka kiganja ubavuni mwa CPU, lile sanduku lenyewe, akainama kunusa pale hewa moto inatokea.

90. 60. Baada ya dakika ishirini feni inalia kama posho mill ya kusaga mahindi, namba iko 24.

"Anahema. Ana vumbi kwa mapafu," mjomba akasema.

Tukafungua. Bana, vumbi la kupanda sukuma wiki! Tukapangusa, tukarudi vitani saa nzima. Ikatulia 41, haipandi haishuki.

Hapo nikaanza kuringa. "Brayo, ati ulitaka kuniuzia ukuta?"

Brayo akaangalia pickup. "Na huyo wako ulisema anatoa lita ngapi?"

"Kumi na mbili kwa siku. Si unaona kiwele kimejaa?"

Mjomba akanigeukia polepole. "Mwambie alikamuliwa lini mara ya mwisho."

Nilitamani pickup inikanyage. Sikuwa nimemkamua tangu jana asubuhi, makusudi, ili kiwele kijae. Ng'ombe wangu naye alikuwa anaangalia ukuta!

"Mjomba, kwani uko upande wa nani?"

"Wa ng'ombe. Anaumia. Leta ndoo."

Ikabidi akamuliwe hapo hapo, halafu tukakaa Kitale hadi kesho yake apimwe vizuri, asubuhi na jioni. Lita saba. Brayo alicheka hadi akakaa chini. Tukapeana mikono: saba kwa arobaini na moja, hakuna wa kumcheka mwenzake.

Asubuhi ya kwanza nyumbani nilimkuta mama watoto ameweka kikombe chini ya CPU, ameketi anangoja.

Nikawasha mashine. Nikamaliza video ya harusi ya jirani iliyokuwa imekwama kwa ile laptop. Jirani ana ng'ombe watatu, tukakubaliana alipe kwa maziwa kila asubuhi. Nikajaza kikombe kile kile, nikakirudisha pale pale.

Mama watoto akaonja.

"Maziwa ya debe lako yana maji kidogo," akasema, akaenda kuinjika chai.

Nilichojifunza: mashine ipime ikiwa shambani, si ikiwa imelala. Na kabla hujamcheka muuzaji, mkamue wako kwanza.

Sasa semeni, zenu mlizipimia game gani, na FPS ilikuwa ngapi? Za ukutani hatutaki.