Kanzu ya Ijumaa kwenye Kerezo

Hivi wewe umewahi kunusa mafuta yaliyoungulia juu ya chuma? Mjukuu wangu kanunua kerezo bovu, ile mashine ya kuzungusha chuma na kukichonga, anaifufua hapa uani. Akiishika hata shikamoo anasahau. Leo kaiwasha, harufu ikaja, mie nikamwona baba.

Ijumaa hiyo, mie bado mtoto, alirudi msikitini na kanzu yake nyeupe, inanukia udi. Mkulima wa Kiwangwa anamngoja kwenye kibanda cha kerezo letu na ekseli ya mkokoteni.

Mama akamwambia, "Vua kanzu kwanza, baba watoto."

Baba akacheka. "Kazi yenyewe ndogo, wali hautapoa."

Kerezo likadaka mkono wa kanzu, likaisokota nguo, likamvuta na mwenyewe. Injini ilikuwa nje, nyuma ya kibanda. Mama akakimbia, akazunguka kwenda kuizima. Iliponyamaza, baba naye kanyamaza. Tukamzika jioni ile ile.

Nikamsimulia mjukuu wangu. Akazima mashine, akafuta mikono, akakaa chini karibu yangu.

"Bibi, siiwashi tena mpaka niweke swichi ya kuizimia pale chini, mguuni kwangu."