Kipande cha Mwisho cha Yasmine

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, kabla ndege ya kwanza haijanguruma upande wa Luano, bibi kizee anagombana na mkuu wa stesheni ndani ya kibanda cha bati kando ya barabara ya uwanja wa ndege. Mbwa anabweka. Mtoto wa kike analia, kisha anaguna kwa sauti nzito ya mwanamume mwenye mafua.

Wapita njia wageni husimama na kutega sikio. Mama Marceline, anayekaanga mandazi mbele ya kibanda hicho, ameshachoka kuwaeleza.

"Ni Idrissa," anasema huku akigeuza mandazi yake. "Iko yeye moya tu mule ndani. Haiko kichaa, iko anamusemea mutoto wake filme."

Ndani, Idrissa Mahamudu, mwenye umri wa miaka arobaini na mitatu, amejifunika blanketi zito gubigubi, simu anayorekodia ikiwa karibu na mdomo, jasho likimtiririka. Mbele yake kompyuta kuukuu inaonyesha katuni ya Kijapani iliyochorwa kabla hajaanza shule. Sauti ya Kifaransa ameizima. Anaweka yake, kwa Kiswahili cha Lubumbashi, na wahusika wote ni yeye: wanaume, wanawake, watoto na mbwa.

Hiyo ni kazi ya alfajiri, haina malipo. Kazi inayomlisha inaanza jua likishatoka: kunakili katuni za zamani kwenye flashi na simu za watu. Anatoza faranga elfu tatu kwa mfululizo mzima. Siku njema hupata wateja sita au saba, siku mbaya haambulii hata mmoja. Anajua fika kwamba waliozichora huko Japani hawapati kitu kwake, na akiulizwa juu ya hilo hujikuna kisogo na kubadili mazungumzo.

Wateja wake wengi huja na masanduku, maana wako safarini.

"Muntu mwenye kuenda kukaa mbali hanunuake filme mupya," anasema. "Anaomba ile alionaka wakati alikuwa mutoto. Anataka kubeba nyumba yabo, lakini nyumba haiingie mu valise."

Ijumaa hii mteja wa kwanza ni Abigaïl, muuguzi anayehamia Kanada na wanawe wawili. Amekuja kuchukua katuni tatu alizozitazama akiwa na umri wao. Wanawe wamempinga, wanasema ni za kizee na zinakwenda polepole. Yeye hasikii la mtu.

"Za leo zinakimbia sana," anasema. "Zetu, kama muntu iko na huzuni, banamuacha akae na ile huzuni yake. Unaona mvula tu inanyesha ku dirisha, na unabakia naye. Batoto bangu wajifunze kubakia na muntu."

Idrissa anatikisa kichwa kukubali. Yeye alijifunzia hilo mtaa wa Ruashi, sebuleni kwa baba yake, mfanyabiashara wa samaki wakavu aliyekuwa akisafiri kwenda Kasomeno na kurudi. Familia ilitoka Maniema, na runinga yao ilikuwa ya kwanza ya rangi katika mtaa. Jioni watoto wa Kiislamu na wa Kikatoliki walibanana sakafuni, wengine wakichungulia dirishani.

Bibi yake Idrissa, marehemu Mawazo, hakujua neno la Kifaransa. Kama ilivyokuwa katika nyumba nyingi za Lubumbashi, mtoto anayesoma alikaa karibu na mkubwa na kumwambia kinachosemwa. "Idrissa, anasema nini?" bibi aliuliza kila baada ya sentensi, na Idrissa akajibu kwa sauti ya yule aliyesema, kwa sababu bibi alitaka kujua kama mtu huyo amekasirika.

Katuni aliyoipenda bibi kuliko zote mtaa uliibatiza Kamutoto ka Gare, yaani katoto ka stesheni. Inahusu msichana aliyelelewa na baba yake, mlinzi wa stesheni ndogo milimani, kwenye theluji. Baba anampeleka mjini kwa shangazi akasome, na kipande baada ya kipande msichana anatafuta njia ya kurudi. Watoto wa wafanyakazi wa reli waliiona ni yao, wakaudai mkeka wa mbele. Bibi Mawazo alishikilia kwamba ile theluji ni chumvi, na hakuna aliyembishia hadi anazikwa.

Ndiyo katuni anayoisema Idrissa chini ya blanketi. Anaisema kwa ajili ya Yasmine, bintiye wa pekee, ambaye sasa ana miaka kumi na miwili na anaishi Liège, Ubelgiji.

Idrissa na mama wa mtoto, Chadia, waliachana bila kurushiana maneno. Baadaye Chadia akaolewa na mwanamume wa Kinshasa anayefanya kazi Liège, naye Yasmine akaondoka na mama yake akiwa na miaka sita. Idrissa hana ubaya na bwana huyo. Anamsifu kwamba anamlea mtoto vizuri. Lakini katika nyumba ile wanaongea Kifaransa na Kilingala, na Kiswahili hakikuwa na wa kukishika mkono.

Siku moja, Yasmine akiwa na miaka tisa, baba alimpigia simu na kumwuliza amekula nini. Akasikia mtoto akimgeukia mama yake: "Il dit quoi?" Yaani, anasema nini?

"Bibi yangu njo alikuwa anauliza vile," anasema Idrissa, akiikodolea macho sakafu. "Lakini yeye aliuliza juu ya bazungu ba mu televizio. Mutoto wangu aliuliza juu ya miye, baba yake. Nililia ile siku, sikufungua kibanda."

Wiki iliyofuata alinunua blanketi la kuzuia kelele za barabara, akaanza kurekodi. Tangu hapo, mteja anayepitia Ubelgiji na kukubali kubeba flashi ya Yasmine hupewa katuni zake bure. Akifika anaitia posta. Kila Ijumaa Yasmine hupiga simu kuzungumzia alichotazama, mwanzoni kwa Kifaransa, kisha kwa maneno mawili matatu, kisha kwa sentensi nzima zenye mdundo wa Ruashi. Chadia alimwandikia Idrissa kwamba mtoto anagombana na mashine ya kufulia kwa Kiswahili.

Furaha hiyo ndiyo iliyomletea hofu. Kimebaki kipande kimoja tu, kile ambacho msichana anafika stesheni. Picha anazo. Ni miezi sasa anaingia chini ya blanketi na kutoka na kazi nyingine: anarudia kipande cha zamani, anatengeneza sauti ya mbwa. Yasmine akiuliza, jibu ni kwamba umeme ulikatika au hakuna msafiri.

"Ikiisha, tutasemaka nini?" anauliza. "Mutoto iko anakomaa. Ataniuliza habari ya umeme na mvula, mara moya, mara mbili, na itaisha."

Simu inalia Abigaïl akiwa amekaa juu ya sanduku lake. Ndege yake ni ya mchana. Atalala Brussels kwa dada yake, na flashi ya Yasmine ameshakubali kuibeba.

"Papa, ya mwisho iko wapi?" Sauti ya Yasmine inajaza kibanda.

"Ee, mama," anajibu Idrissa, "micro ya kusemea imeharibika."

"Micro gani?" anafoka Mama Marceline kutoka nje. "Unasemaka mu telefone!"

Abigaïl anaangua kicheko. Yasmine naye anacheka.

"Papa, nilishaka kuiona."

"Kuona nini?"

"Ya mwisho. Mu vacances ya masomo, ku internet, na Kifaransa. Ni zamani."

Idrissa anaketi. Miezi yote hiyo amekuwa akimficha mtoto kitu ambacho mtoto anacho tayari.

"Sasa kwa nini unaniulizaka kila Ijumaa?"

"Sababu mule ndani baba yake anafungua mulango na anasema," anajibu Yasmine, "lakini haiko weye."

Simu inakatwa. Kisha Idrissa anavuta blanketi. Nje Mama Marceline anaondoa karai la mafuta jikoni lisitoe kelele, na mteja anayedai mandazi anaambiwa akae kimya au aende zake.

Kazi inakwenda vizuri hadi mlango wa stesheni. Baba anaufungua, anamkuta binti aliyeondoka mdogo amesimama mrefu kwenye theluji. Ana sentensi moja tu ya kusema. Idrissa anaianza, sauti inakatika katikati, inarudi ikiwa imepasuka: "Umekuwa mukubwa, mama. Ingia."

Anatoka akijifuta uso kwa kanzu. Wakati kompyuta inanakili, anaeleza mpango wake. Chadia amekubali kwamba mwaka ujao Yasmine atakuja Lubumbashi likizo kubwa. Hajachagua katuni nyingine, anataka mtoto aichague mwenyewe, na humo sauti ya msichana aitoe Yasmine. Yeye amechoka kulia kama binti mbele ya mtaa mzima.

Abigaïl anatazama saa. Anamkumbusha kwa upole kwamba pale mlangoni sauti imeharibika, na muda bado upo, anaweza kurudia.

"Hapana, dada, iache vile," anasema Idrissa, akimkabidhi flashi. "Akisikia pale, atayua ni miye."